Joto la Magadi halishindwi kwa ukakamavu

Kila mwaka, kuanzia Januari hadi Machi, walimu na wanafunzi wa Magadi hubeba mizigo miwili: masomo na joto. Niliwahi kusomesha katika nyanda hizo za Kajiado Magharibi, nami sikuona hata siku moja mzigo huu wa pili ukitiwa katika ratiba ya shule.

Wanafunzi wa jiografia watanielewa upesi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Magadi, chini katika Bonde la Ufa, ni kama mita 600 tu. Kwa kuwa joto la hewa huongezeka kwa digrii 6 hivi kila tuteremkapo mita 1,000, anayepita Kiserian akishuka hadi ziwani huingia katika hali nyingine kabisa. Hata Kitengela, iliyomo katika kaunti hiyo hiyo, haifahamu mchana wa Magadi unaokaribia digrii 40. Na ziwa lenyewe, ingawa li mbele ya macho, limejaa magadi. Maji yake hayanyweki.

Hata hivyo, sare, ratiba na majengo ni yale yale ya nyanda za baridi. Mtoto huvaa sweta na tai. Gwaride hurefushwa juani. Michezo hupangwa alasiri, wakati ardhi ingali inawaka. Darasa nalo ni mabati yasiyo na dari.

Wapo wanaosema kwamba watoto wa huko wamekwisha zoea. Ni kweli kuwa mwili huzoea joto baada ya wiki moja au mbili, lakini huzoea kwa kutoa jasho jingi zaidi. Basi aliyezoea huhitaji maji mengi zaidi, wala si machache! Isitoshe, hewa ya Magadi ni kavu; jasho hukauka kabla mtu hajaliona, naye akadhani hapotezi kitu. Hakuna mwili uliowahi kuzoea kukosa maji.

Mfugaji wa Kimaasai aliyatambua haya zamani. Huwatoa mifugo mapema, na jua la utosini likifika huwapumzisha chini ya migunga. Je, ni haki ndama apewe kivuli ilhali mtoto anasimamishwa juani?

Majirani zetu wamekwisha onja uchungu wa jambo hili. Mnamo Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu ya joto, na Februari 2025 ikazifunga tena baada ya wanafunzi kuzirai mjini Juba. Sipendi tufike huko. Kufunga shule ni tiba ya mwisho. Kinga ni rahisi zaidi.

Rai yangu ni hii. Masomo mazito na michezo viwe asubuhi na mapema. Sweta na tai ziachwe katika miezi ya joto. Kila mwanafunzi awe na maji karibu, anywe kabla ya kushikwa na kiu, wala asikatazwe kunywa wakati wa kipindi. Miti ipandwe upande wa madarasa unaopigwa na jua la alasiri.

Aidha, kila mwalimu ajue dalili za hatari. Kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ni onyo: mtoto apelekwe kivulini, apumzike na anywe maji. Akianza kupayuka, kuyumba au kuzirai huku mwili ukiwaka, hapo maisha yake yamo hatarini. Avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwilini, apepewe, na akimbizwe hospitalini. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.

Ukakamavu ni sifa njema ya mwanafunzi, lakini jua halijui sifa. Walimu wakuu, ratiba za muhula zimo mikononi mwenu. Zipangeni upya kabla ya Januari.