Yohane: Jina Moja, Ndimi Nyingi

Wazazi wanapoandikisha mtoto kwa ubatizo, huweza kuuliza: Je, Ivan ni jina la Kikristo? Ndiyo. Ivan ni Yohane kwa Kirusi.

Asili yake ni Kiebrania, Yohanan, maana yake “Bwana amejalia neema”. Wagiriki walilitamka Ioannes, na Walatini wakawafuata. Kutoka hapo Wafaransa wana Jean, Wahispania Juan, Waitalia Giovanni. Wakristo Waarabu husema Yuhanna. Nasi tuna Yohane na Yohana.

Katika sura ya 1 ya Injili ya Luka, majirani na jamaa walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake, kwa kuwa hakuna mtu wa ukoo wao aliyeitwa Yohane. Lakini Elisabeti alikuwa tasa, nao wote wawili wazee. Mtoto huyo alikuwa neema tupu, na jina lake lilitangaza hivyo. Zakaria alipoliandika kibaoni, ulimi wake ulifunguka.

Basi tunapochagua jina la ubatizo, tusitazame uzuri wa sauti tu. Tujue maana yake, kisha tumfundishe mtoto. Yohane asiyejua maana ya jina lake amepewa zawadi ambayo hajaifungua.