Ubundu: Kinga ingali na nguvu, je, ni lazima kununua pikipiki?

UBUNDU, TSHOPO – Kilomita karibu 125 zinatenganisha Ubundu na Kisangani. Kwa mtu anayesukuma kinga iliyofungwa mabidoni ya mawese na gunia la mchele, hiyo ni safari ya siku kadhaa za matope, madaraja ya miti na kulala vijijini. Kila anapopitwa na pikipiki, swali linamrudia: je, wakati umefika wa kuacha kinga?

Swali hilo linagusa nyumba nyingi za Tshopo, kwa sababu linahusu akiba ya miaka. Feza ya pikipiki ikitoka, inatoka pamoja na ile ya shule ya watoto na ile ya dawa. Akikosea, mwenye kinga anaweza kubaki bila kinga na bila pikipiki.

Njia hii haikufikiriwa kwa ajili ya kinga. Kati ya Ubundu na Kisangani mto unaanguka mara saba kwenye maporomoko ya Boyoma, na hakuna boti ya mizigo inayoweza kupita. Kwa hiyo wakoloni Wabelgiji walijenga reli kwenye ukingo wa kushoto, ikamalizika mwaka 1906, wakati Ubundu ilipoitwa Ponthierville. Mizigo ya Kindu ilishuka kwa boti hadi Ubundu, ikapakiwa kwenye treni, ikafika Kisangani. Treni ilipoanza kuwa adimu, miguu ya watu na kinga vilichukua kazi yake. Mjini Kisangani kinga za kubeba abiria zilipata hata jina lao: toleka, neno la Lingala lenye maana ya "tupite".

Wengi wanaamini kwamba pikipiki inabeba zaidi kuliko kinga. Hesabu haisemi hivyo. Pikipiki nyingi za cc 125 hadi 150 zimetengenezwa kubeba karibu kilo 150, na dereva mwenyewe yumo ndani ya kilo hizo. Dereva akiwa na kilo 65, zinabaki 85 za mzigo. Wanaopakia zaidi ya hapo wapo wengi, lakini wanalipa baadaye kwa springi, kwa mnyororo na kwa injini.

Kinga inayosukumwa haimbebi mtu. Nguvu yote ya chuma inakwenda kwenye mzigo, na fimbo moja iliyofungwa kwenye usukani inatosha kuiongoza. Ndiyo maana kinga moja inapita kilo 100 bila shida. Mwaka 1954, huko Vietnam, wabeba mizigo walisukuma kinga zenye kilo 200 na zaidi kupitia milima na misitu hadi Dien Bien Phu. Watu wa Goma nao wanajua chukudu ya mbao inaweza kubeba nini.

Faida ya kweli ya pikipiki ni muda. Wakati wa kiangazi inaweza kumaliza kwa siku moja au mbili njia inayomchukua mwenye kinga siku nne au tano. Inaokoa magoti na mgongo, na usiku ambapo mama mjamzito anahitaji hospitali haina mshindani.

Lakini muda huo una bei. Tuchukue mfano wa pikipiki inayokunywa lita 3 kwa kila kilomita 100. Kwenda na kurudi ni kilomita 250, yaani lita 7 na nusu za esansi, na kwenye matope pamoja na mzigo lita 10 si jambo la kushangaza. Ongeza mafuta ya injini, matairi, breki, karatasi za pikipiki na garama ya kuvuka mto kutoka Lubunga hadi upande wa soko kuu la Kisangani. Mwenye kinga anavuka pia, lakini hanunui esansi.

Kuna jambo lingine ambalo watu husahau. Muda ulioookolewa unaleta feza ikiwa tu kuna mzigo wa kupakia. Mtu aliyetoa akiba yote kwa ajili ya pikipiki anafika Ubundu akiwa na injini mpya na mfuko mtupu. Hawezi kununua mawese. Analazimika kubeba bidhaa za wengine kwa bei wanayotaka wao, na biashara aliyokuwa nayo inageuka kuwa kibarua.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya pikipiki, ni vizuri mwenye kinga achukue daftari na kuandika safari zake tatu: siku ngapi alitembea, siku ngapi alisubiri mnunuzi, mara ngapi alisimama kutengeneza, alitumia franga ngapi na alipata ngapi. Ikiwa hasara kubwa iko kwenye kusubiri mnunuzi au kwenye bei mbaya, pikipiki haitaiponya. Itamfikisha mapema kwenye bei ileile mbaya.

Ikiwa hasara iko kwenye matengenezo, kuna njia ya katikati. Matairi mawili mazuri, gololi mpya, na chuma cha pili kilichochomelewa kwenye uma wa mbele vinaweza kuipa kinga ya zamani miaka mingine kwa sehemu ndogo sana ya bei ya pikipiki. Feza inayobaki inanunua mabidoni zaidi.

Na ikiwa daftari linaonyesha kwamba mzigo upo, wanunuzi wapo, na kinachokosekana ni siku tu, hapo pikipiki ina maana. Hata hivyo ni busara kwanza kuendesha pikipiki ya mwingine kwa miezi michache, na kujifunza kusafisha kabureta na kuziba mpira. Pikipiki iliyozimika katikati ya msitu ni chuma cha kilo zaidi ya 100 kisichouzika sokoni, na mwenyewe atakisukuma kama alivyosukuma kinga, bila fimbo.

Wengine wanachagua likelemba: watu wanne au watano wanachanga, wananunua pikipiki moja, na kila mmoja anabaki na kinga yake. Kiangazi pikipiki inakimbia. Mvua zikianza na daraja la miti likiondoka na maji, kinga inabebwa begani, inavuka kwa mtumbwi, na safari ya Kisangani inaendelea.