Plazima Baridi kwa Vidonda vya Kisukari

Miongoni mwa mitihani ya wagonjwa wa kisukari ni kidonda cha mguu kinachokataa kufunga, hata mguu ukakatwa. Nchini Ujerumani, baadhi ya matabibu hukitibu kwa plazima baridi. Gesi ya argoni hupitishwa kwenye umeme, ikatoka katika ncha ya chombo mithili ya kalamu kama mwali mdogo usiounguza ngozi. Mwali huo huua bakteria na kuzichochea seli zijijenge upya.

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa huko wa vidonda 62 vya wagonjwa 43. Wote waliendelea na matibabu ya kawaida. Baadhi wakaongezewa plazima mara 8, wengine tiba ya kulinganishia isiyo na plazima. Vidonda vilivyopata plazima vilipungua ukubwa kwa haraka zaidi, ingawa katika maambukizi haikuonekana tofauti kubwa.

Msomaji mpendwa, zingatia kwamba plazima iliongezwa tu. Haikuchukua nafasi ya kusafisha kidonda, kukifunga wala kudhibiti sukari. Basi tusingoje chombo kilicho mbali: tukague nyayo za wazee wetu kila siku, na kidonda kikionekana kifikishwe hospitali kabla hakijawa donda ndugu.