Bunia: Kwa nini kukanusha uvumi peke yake hakutoshi

Katika mtaa wa Bigo, kama kwingine mjini Bunia, uvumi hutangulia mamlaka. Sauti ya WhatsApp inayodai kwamba waasi wamekaribia, au kwamba kiongozi fulani amewauza raia, hufika sokoni kabla ya tangazo lolote. Serikali inapokanusha, wakaaji wengine hubaki na habari ya kwanza.

Si ujinga. Mwaka 1994, watafiti Hollyn Johnson na Colleen Seifert wa Marekani waliwasomesha watu habari ya ghala lililoungua, ambamo ilisemekana kulikuwa na rangi na mitungi ya gesi. Baadaye waliambiwa kwamba vitu hivyo havikuwamo. Hata hivyo, walipoulizwa kuhusu moto ule, wengi waliendelea kutaja rangi na gesi. Waliopewa sababu nyingine ya moto ndio walioachana nayo kwa urahisi zaidi. Ukiondoa sababu moja bila kuweka nyingine, mtu huirudia ile ya zamani.

Je, kusahihisha kunaweza kumfanya mtu ashikilie uongo zaidi? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 ulionyesha hivyo. Lakini Thomas Wood na Ethan Porter walipowapima watu zaidi ya 10,000 juu ya mambo 52, jambo hilo halikuonekana karibu popote. Watu wengi huupokea ukweli, ila lazima wamwamini anayeusema.

Hapo ndipo Beni, katika jimbo jirani la Kivu ya Kaskazini, inatoa somo. Septemba 2018, Ebola ikiendelea, watu wazima 961 wa Beni na Butembo waliulizwa maoni yao. Karibu mmoja kati ya wanne alisema ugonjwa huo si wa kweli. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea masilahi yao.

Tarehe 26 Desemba, siku nne kabla ya uchaguzi, CENI iliahirisha kura katika miji hiyo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama mdogo. Masoko na makanisa yalikuwa wazi. Rais mpya aliapishwa Januari, kabla watu wa Beni hawajapiga kura. Kwa waliokwisha kusema kwamba Ebola ni siasa, huo ulikuwa ushahidi. Kesho yake baada ya tangazo la CENI, waandamanaji walishambulia kituo cha Ebola mjini Beni. Ugonjwa ulitangazwa kwisha Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, wakiwemo wa Ituri.

Kwa Bigo, maana yake ni hii: anayekanusha aanze kwa kukubali sehemu iliyo ya kweli, kisha aeleze sababu halisi ya jambo lililotokea. Na asemaye awe mtu ambaye wakaaji wanamwamini tangu zamani: mkuu wa avenyu, mwalimu, pasta au imamu. Imani hiyo haiwezi kutafutwa siku uvumi umekwisha kuingia mtaani.