Kabla Mbwa wa Pili Hajapanda Vugiri

Katika kata ya Vugiri, juu kwenye milima ya Usambara Magharibi wilayani Korogwe, mkoani Tanga, mbwa ana kazi yake. Anakesha uani, anafukuza tumbili kwenye mahindi, anawabwekea nguruwe mwitu wanapotoka msituni. Mbwa wa nyumbani akianza kuzeeka, au shamba likipanuka, mwenyewe huanza kumfikiria wa pili. Na huyo wa pili mara nyingi hanunuliwi. Ni mbwa koko aliyekuwa akiokota mabaki nyuma ya migahawa ya mjini kule chini, mtu akamhurumia, akamfunga kamba na kupanda naye mlimani.

Huruma hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Mbwa wa mtaani akilishwa na kupewa mahali pa kulala huwa mlinzi hodari, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua kama kiumbe asiyestahili kuteswa. Lakini wa kufikiriwa kwanza ni mbwa uliye naye tayari. Mgeni hujui alikotoka, hujui aliumwa na nani, wala hujui kama aliwahi kuchomwa sindano yoyote. Wa kwanza ndiye unayeweza kumkinga leo, kabla mwenzake hajafika.

Kichaa cha mbwa ndicho kinachonifanya niseme hivyo kwa msisitizo. Virusi vyake hukaa mwilini kimya, kwa kawaida miezi 2 hadi 3, na wakati mwingine zaidi. Mbwa anaweza kuingia kwako mchangamfu, anakula vizuri, kumbe virusi viko njiani kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Hakuna kipimo cha kumfanyia mbwa aliye hai kikakuhakikishia kwamba hana. Dalili zikishaonekana hakuna tiba, kwa mbwa wala kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15.

Watu wa Pemba wanalijua hili vizuri. Kichaa cha mbwa kilikuwa kikisambaa kisiwani humo, chanjo ikakitokomeza kufikia Mei 2014. Mwishoni mwa 2016 kikarudi, kikasumbua kwa takriban miaka miwili hadi chanjo ya kisiwa kizima ilipokitokomeza tena. Pemba imezungukwa na bahari pande zote, na mbwa mgonjwa haogelei kutoka bara. Vugiri haina hata bahari ya kuizuia: ina barabara ya kushuka Korogwe na magari yanayopanda kila siku.

Kwa hiyo zungumza na afisa mifugo wa kata mapema. Mbwa wako achanjwe dhidi ya kichaa, kisha subiri kama wiki 4 kinga ijengeke ndipo umlete mgeni, naye achanjwe mara anapofika. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka. Mwulize pia kuhusu chanjo ya homa ya mbwa na ya parvo, ugonjwa wa kuharisha damu. Homa ya mbwa si jambo dogo: mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa kuwa chanzo.

Mgeni akifika, mtenge kwa wiki 2 kwenye banda lake, mbali na mwenzake, akiwa na bakuli lake na maji yake. Kwa familia za Kiislamu, ambazo Tanga ni nyingi, banda la nje na vyombo visivyochanganyika na vya watu ni utaratibu uliozoeleka; na kwa macho ya daktari wa mifugo ni utaratibu mzuri. Juni na Julai mlimani kuna baridi na ukungu, hivyo mwinulie sakafu ya mbao na umtandikie magunia makavu. Katika siku hizo mpe dawa ya minyoo, mtoe kupe, mchunguze ngozi kama ina upele. Angalia na sehemu za siri. Mbwa wa mitaani hupata uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana na hata kwa kulambana. Dalili yake ya kwanza huwa matone ya damu. Unatibika kwa sindano za kila wiki, ila ni lazima apone kabla hajakutana na mwenzake.

Siku ya kukutana, usiwakutanishe getini wala uani. Hapo ni kwa yule wa kwanza, na atapalinda. Wapelekeni kwenye njia iliyo kando ya mashamba ya chai, watu wawili, kila mmoja na mbwa wake kwa kamba isiyovutwa. Tembeeni mwelekeo mmoja mkiwa mmeachana hatua kadhaa, na msogeleane pole pole. Mkia uliosimama wima, manyoya ya mgongoni yaliyoinuka, macho yasiyobanduka: ongezeni nafasi, mwendelee kutembea. Mbwa akiinamisha kifua na kuacha makalio juu, anamwita mwenzake wacheze.

Nyumbani, ugomvi huzuka kwenye chakula. Mbwa aliyeishi kwa kunyang'anyana atalinda hata ukoko wa ugali. Wape chakula kwa wakati mmoja, mahali wasipoonana, na uondoe mabakuli wakimaliza. Watoto wasipite karibu. Na mbwa akinguruma, tafadhali usimpige. Kunguruma ni onyo. Ukimfundisha kwa fimbo kwamba onyo linaumiza, ataliacha, na siku nyingine ataruka na kung'ata bila kutoa sauti. Baadhi ya mbwa wanaoitwa wakali wa ghafla walifundishwa ukimya huo na sisi wenyewe. Anaponguruma, mwondoe mwenzake, kisha ujiulize alikuwa analinda nini.

Kama unaweza kuchagua, chagua wa jinsia tofauti na uliye naye. Mapigano mabaya ya mbwa wa nyumba moja hutokea zaidi kati ya wa jinsia moja, hasa majike. Lakini dume na jike wasiohasiwa watakupa watoto: jike huingia joto mara mbili kwa mwaka, mimba yake ni takriban siku 63, na watoto wasio na pa kwenda ndio mbwa koko wa kesho. Panga na daktari wa mifugo wahasiwe.

Mbwa akimng'ata mtu, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni mkwaruzo. Mbwa mwenyewe asiuawe wala kufukuzwa. Afungwe mahali salama, alishwe, aangaliwe na afisa mifugo kwa siku 10. Akibaki mzima baada ya hapo, hakuwa na virusi kwenye mate siku alipong'ata, na daktari wa hospitali anahitaji kupata habari hiyo.