Jua la Utosini na Sura za Makutano

Makutano ya Meru ndipo barabara itokayo mjini hugawanyika, moja ikielekea Nanyuki na nyingine Maua. Mwanafunzi wa upigaji picha akisimama hapo hakosi sura za watu: waendesha boda boda, wauza miraa, akina mama wa ndizi, vijana wa vyuo wanaongoja matatu. Kinachomshinda ni mwanga. Vitabu na video nyingi anazosomea zimeandaliwa na watu wanaoishi chini ya jua la namna nyingine.

Vitabu hivyo husifu mwanga wa jioni, ambao kiangazi huko Ulaya hudumu saa nzima na zaidi. Meru iko karibu kabisa na ikweta. Hapa jua hushuka wima na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na ule mwanga laini huisha kwa nusu saa hivi. Mchana nao jua husimama utosini: paji la uso linang'aa, macho yanazama gizani, pua inaangusha kivuli mdomoni. Kamera ya bei ghali haiondoi tatizo hilo.

Dawa iko kwenye baraza za maduka. Mweke mtu hatua moja ndani ya kivuli, kisha umgeuze aelekee barabarani kwenye nuru. Anga lote litakuwa taa yake, na sakafu ya saruji itarudisha mwanga chini ya kidevu. Tazama mboni za macho. Ukiona kidoa cheupe kinang'aa humo, mwanga umefika; usipokiona, mgeuze kidogo kidogo mpaka kitokee.

Ngozi ndilo jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu wengi humaliza kozi bila kufundishwa. Kamera hupima mwanga kwa kukadiria kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, hutoa kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera hupunguza mwanga kwa ajili ya ukuta, na uso unabaki giza tupu. Akisimama mbele ya mlango wenye kiza, mwanga unazidishwa na ngozi inapauka kama majivu. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi za watu wote, hata zetu. Kwa hiyo pima mwanga usoni, si ukutani. Kwenye simu, gusa uso wa mtu, kisha telezesha kidole juu au chini mpaka rangi yake halisi ionekane. Kwa maoni yangu somo hili lingefundishwa wiki ya kwanza, kabla ya kanuni zote za mpangilio.

Juu ya mpangilio wenyewe, mwalimu wangu ningemtafuta Bamako, Mali. Seydou Keïta alifungua studio yake huko mwaka 1948. Alitumia mwanga wa mchana uani na kutundika vitambaa nyuma ya wateja, hata shuka ya kitandani mwake. Mara nyingi mteja alipigwa picha moja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Maamuzi yote yalifanyika kabla ya kidole kubonyeza: bega limegeuzwa upande, kichwa kimeinama kidogo, mikono imepata pa kukaa. Mwenye simu leo hupiga arobaini, halafu akaanza kutafuta moja iliyo nzuri. Ajaribu kupiga tatu tu kwa kila mtu, aone jicho lake litakavyoamka.

Mikono ipe kazi inayoijua. Fundi viatu ashike sindano yake. Macho yakae theluthi ya juu ya fremu. Chungulia nyuma ya kichwa, maana hatua moja kulia hutosha kuuondoa mlingoti wa stima unaochomoza utosini. Usimsogelee mtu mno kwa simu, pua itavimba. Rudi nyuma, kisha vuta kwa lenzi ya mbali ikiwa simu inayo.

Yapo pia ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya mwaka 2019, na sura ya mtu ni data yake. Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Basi, ewe mwanafunzi, omba ruhusa kwanza na ueleze picha itaenda wapi. Ukikataliwa, shukuru uendelee na safari. Ukikubaliwa, kaisafishe picha hiyo kwenye karatasi, urudi Makutano umkabidhi mwenyewe.