Fahamu: Mtoto wa Kiyahudi aliyenusurika Kenya

Si watoto wote wa Kiyahudi walionusurika Wanazi walijificha darini Ulaya. Stefanie Zweig, mzaliwa wa Ujerumani mwaka 1932, aliletwa Kenya mwaka 1938, akakulia shambani akizungumza Kiswahili.

Mwaka 1947 baba yake, mwanasheria, akairudisha familia Ujerumani, nchi iliyowaua jamaa zao. Kwa binti huyo, huko ndiko kulikuwa ugenini. Jeraha hili halionekani mwilini: mtoto amepona, lakini hajui pa kupaita kwao.

Zweig aliendelea kuiandika Kenya hadi uzeeni. Riwaya yake ya mwaka 1995, ambamo mpishi Owuor ni kama mzazi wa tatu, ikawa filamu iliyotwaa Oscar mwaka 2003.